Ndege wa Asali: Somo juu ya Maumbile, Akili na Mapendo

Katika mapori mengi ya Afrika, tangu Senegal hata Afrika ya Kusini, yuko ndege mdogo ambaye wazee wanamjua na watoto wanamsikia, lakini ni wachache waliokaa chini kufikiri maana ya kazi yake. Ndiye ndege aongozaye watu kwenye asali. Kwa Kiswahili huitwa mlembe, na makabila mengi yana jina lao la kumwitia.

Somo hili lina sehemu tatu. Ya kwanza yaeleza maumbile ya ndege huyu. Ya pili yaeleza akili ya mtu amfuataye. Ya tatu yaeleza mapendo, ambayo ndege hakujaliwa, na mtu ameitwa kuwa nayo. Wakatekumeni na wasome polepole, ajuaye kusoma akiwasomea wenzake, na mwisho wajaribu kujibu maulizo pasipo kutazama kitabu.

I. MAUMBILE YA NDEGE

Mlembe hana rangi za kuvutia macho. Mgongo wake ni wa kahawia, tumbo lake ni jeupe-jeupe, na manyoya ya pembeni mwa mkia wake ni meupe, nayo huonekana vizuri anaporuka. Uzito wake ni kama gramu 50 tu. Hapendi msitu mnene wenye giza; hukaa penye miti iliyoachana, kama yalivyo mapori ya miombo ya Katanga.

Chakula apendacho ni cha ajabu, kwa maana ni nta. Wanyama wengi wakila nta haiwafai kitu, kwa sababu matumbo yao hayawezi kuiyeyusha; tumbo la mlembe laweza. Hula pia majana, yaani wana wa nyuki walalao ndani ya masega. Lakini ndege huyu ana shida kubwa. Nyuki hujenga ndani ya tundu la mti au katika ufa wa mwamba, na mlangoni huweka walinzi wenye miiba. Ndege ajua mahali walipo, lakini hana shoka wala moto. Mtu ana shoka na moto, lakini hajui mahali. Kila mmoja ana nusu ya kazi, na nusu ya pili i kwa mwenzake.

Basi mlembe amwonapo mtu, hukaa juu ya tawi karibu naye na kupiga kelele za haraka haraka, kama mtu atikisaye kibiriti chenye njiti ndani. Mtu akimkaribia, ndege huruka mbele mpaka mti mwingine, hungoja, akalia tena. Huendelea hivyo mti kwa mti, hata wafike karibu na nyuki. Hapo ndege hutulia tawini, akatazama. Mtu hutafuta tundu, huwasha mwenge wa majani, huwafukiza nyuki kwa moshi ili wapoe, hupanua mlango kwa shoka, akarina asali. Asali huchukuliwa na mtu, na nta na majana yaliyobaki huliwa na ndege. Wahenga walisema: Fuata nyuki, ule asali. Katika kazi hii mtu humfuata kwanza ndege, na ndege humfikisha kwa nyuki.

Habari hii ni ya zamani. João dos Santos, padri wa Ureno wa shirika la Mtakatifu Dominiko, alikaa Sofala, katika nchi iitwayo sasa Msumbiji. Mwaka 1588 alimwona ndege mdogo akiingia katika kanisa la misioni kwa kupenya nyufa, akidonoa mishumaa. Mishumaa ile ilikuwa ya nta ya nyuki. Padri huyo aliandika pia juu ya ndege awaitaye watu kwenye asali, na kitabu chake kilipigwa chapa huko Ureno mwaka 1609. Ndege yule hakukusudia kuiba kitu cha kanisa. Mshumaa wa altare na sega la porini kwake vilikuwa kitu kimoja, yaani chakula.

Hata hapa msomaji aweza kusema: Kumbe, huyu ni rafiki mwema wa watu! Lakini hajasikia bado habari yote.

Mlembe hajengi kiota. Jike hutaga yai lake katika tundu la ndege mwingine, kwa mfano la yule ndege mdogo alaye nyuki, ambaye huchimba shimo lake ardhini. Akisha kutaga, mara nyingi hutoboa mayai ya mwenye nyumba, akaenda zake. Mayai yaliyosalimika huanguliwa, lakini watoto wake hawaishi. Kinda la mlembe huzaliwa likiwa uchi na kipofu, bali ncha ya mdomo wake ina kulabu mbili kali kama sindano. Katika giza la shimo hupapasa, na kila likigusa kinda la mwenye nyumba hulishika, hulitikisa na kuliuma hata life. Wataalamu waliofanya kazi huko Zambia walitia chombo cha kupiga picha ndani ya mashimo hayo, wakaliona jambo hilo kwa macho yao, na mwaka 2011 wakalitangaza. Baada ya siku kadhaa zile kulabu hupotea, kwa kuwa kazi yake imekwisha. Na yule mama aliyefiwa na watoto wake wote huendelea kumlisha aliyewaua, kutwa kucha, mpaka akue na kuruka.

Je, mlembe ni ndege mwovu? Hapana. Na alipomwongoza mtu kwenye asali, je, alikuwa ndege mwema? Vilevile hapana. Afanyapo lile na afanyapo hili, afuata maumbile yake, kama mto ufuatavyo bonde. Hakuchagua kuua, wala hakuchagua kusaidia. Kwa hiyo hakuna awezaye kumhukumu.

II. AKILI YA MTU

Sasa tazameni mtu atembeaye chini ya ndege yule. Naye ana njaa, naye ana maumbile. Lakini ndani yake mna kitu kingine.

Kwanza, mtu hupima na kuhesabu. Huko kaskazini ya Kenya Waborana huwafuata ndege hawa tangu zamani. Hussein Isack wa Kenya, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, waliwafuata Waborana katika kazi yao, na mwaka 1989 walitoa hesabu. Mtu atafutaye nyuki peke yake, mahali asipopajua, alihitaji kwa wastani karibu saa 9 ili kuona mzinga mmoja wa porini. Akiongozwa na ndege alihitaji karibu saa 3 tu. Waborana walikuwa wamesema tangu zamani kwamba ndege awaonyesha njia na umbali, na hesabu ile ilithibitisha kwamba walisema kweli. Wazee wasiojua kusoma walikuwa wamekwisha kusoma pori.

Pili, mtu husema, na maneno yake hurithiwa. Wayao wa Niassa, kaskazini ya Msumbiji, wana mlio wa kumwita ndege: hutetemesha ulimi, kisha hukoroma kidogo puani. Walipoulizwa waliupata wapi, walisema waliupokea kwa baba zao. Mwaka 2016 bibi mmoja mtaalamu, Claire Spottiswoode, na wenzake, walitangaza jaribio walilofanya huko. Walitembea porini wakitoa sauti mbalimbali. Waliposikiza watu au wanyama wengine tu, ndege waliwaongoza mara 33 katika 100. Waliposikiza mlio wa Wayao, waliongozwa mara 66 katika 100, yaani mara mbili zaidi. Ndege ajua kwamba mlio ule ni wa mtu aliye tayari kwa kazi.

Tena, karibu na Ziwa Eyasi, katika Tanzania, wanakaa Wahadza, nao humwita ndege yuyo huyo kwa mluzi. Mwaka 2023 Spottiswoode na mwenzake Brian Wood walitangaza kwamba ndege wa kila nchi husikia lugha ya nchi yao. Ndege wa Wahadza waliitika mluzi wa Wahadza mara tatu na zaidi kuliko mlio wa Wayao, na ndege wa Wayao walifanya kinyume chake. Fikirini jambo hili. Mlembe hakulelewa na wazazi wake, basi hawakumfundisha neno hata moja. Hujifunza mwenyewe kwa kuona kwamba sauti fulani huleta nta. Lakini mtoto wa mtu hukaa karibu na baba yake, husikia, huiga, husahihishwa, naye baadaye atamfundisha mwanawe. Hivyo neno moja hupita katika vizazi na vizazi, wala halifi pamoja na aliyelianza.

Tatu, mtu hufikiri juu ya kesho, na akisha kufikiri huchagua. Wayao wakisha kurina asali huokota nta, huiweka juu ya majani mabichi, humwachia ndege ujira wake. Husema: Akishiba kwetu, atarudi kwetu. Wahadza mara nyingi hufanya kwa njia nyingine. Huficha au huchoma masega yaliyobaki. Nao wana sababu yao: Ndege mwenye njaa ataendelea kutuongoza leo hii. Haifai kuwacheka hawa wala wale. Wote wametumia akili. Ndege ana njia moja tu, lakini mbele ya mtu ziko njia mbili, naye husimama, hupima, hushika mojawapo. Uwezo huo wa kusimama na kupima huitwa hiari. Mungu Muumba hakuwapa ndege wala nyuki. Alimpa mtu.

Lakini hapa yapasa kuwa na hadhari. Akili ni kama moto wa mrina asali. Moto uleule uwapoozao nyuki waweza kuteketeza mti, na upepo ukivuma, pori lote. Akili yaweza kugundua njia ya kusaidia. Yaweza pia kugundua njia ya kudanganya, na tena kutafuta maneno mazuri ya kuufunika udanganyifu huo. Kwa hiyo haitoshi mtu kuwa na akili. Lazima iulizwe: Akili hiyo yamtumikia nani?

III. MAPENDO

Wengi hudhani ya kuwa mapendo ni hali ya moyo ijayo yenyewe, kama njaa au usingizi. Mtu husema, Simpendi fulani, nifanyeje? Habari ya mlembe yasaidia kulisahihisha wazo hilo.

Je, ndege na mrina asali wanapendana? Tazameni vizuri. Ndege ataka nta, mtu ataka asali. Kila mmoja ampa mwenziwe ili apate. Ni biashara nzuri, tena ya haki, wala haina aibu. Kijiji chahitaji watu walipanao kwa haki. Mtu aachaye nta juu ya jani hata pasipokuwapo wa kumshtaki amefanya vizuri, kwa maana amemlipa mfanyakazi asiyeweza kudai. Hata hivyo bado ni malipo. Mapendo huanzia pale malipo yanapokoma.

Rudini sasa katika lile shimo lenye giza, mtazame mambo mawili.

La kwanza ni kinda lenye kulabu. Laua wenziwe ili chakula chote kiwe chake, wala halina dhambi, kwa kuwa ni kipofu na halina hiari. Lakini chukueni mfano huu. Mtu mmoja amekufa, ameacha mjane na watoto watatu, nyumba, shamba la mihogo na mbuzi wanne. Matanga yakisha, aja ndugu ya marehemu. Achukua mbuzi. Asema shamba ni la ukoo. Baada ya mwezi mmoja asema nyumba nayo ni ya ukoo, na mjane arudi kwao. Watoto hawakupigwa, wala damu haikumwagika. Lakini wamesukumwa nje ya kiota, na mdogo wao huenda asifikie mavuno. Mtu huyu amefanya sawasawa na lile kinda, ila tofauti ni moja, nayo ni ya kutisha: macho yake yalikuwa wazi. Aliwajua watoto kwa majina yao. Alikula kwa baba yao alipokuwa hai. Akili aliyopewa ili awalinde aliitumia kutafuta neno la kujitetea, akasema: Ndiyo desturi. Desturi ya wazee ilimweka ndugu awe baba wa watoto. Yeye ameshika upande wa mali, ameuacha upande wa watoto.

La pili ni yule ndege mama alishaye mgeni. Kwa nje kazi yake yafanana na mapendo makubwa kabisa, kwa kuwa achoka, akonda, ampa mgeni yote aliyo nayo. Lakini hajui. Adhani ni mwanawe. Kama angejua, maumbile yake yangemwamuru amwache. Sasa mlinganisheni na mwanamke wa kijijini aliyempokea yatima wa jirani yake. Huyo ajua kabisa kwamba mtoto si wa tumbo lake. Ajua kwamba unga katika kapu ni haba, tena kwamba watoto wake wenyewe watanung'unika kwa kupungukiwa. Usiku fulani moyo wake wamwambia, Mrudishe. Asubuhi aamka, asonga ugali, amwita mtoto yule kwa jina lake pamoja na wengine, amkalisha kwenye sahani ileile. Moyo wake haukubadilika kwanza. Mkono wake ulitangulia, na moyo ukafuata pole pole.

Hayo ndiyo mapendo. Ndege mama alisha kwa kutojua. Mwanamke huyu alisha kwa kujua. Ndani yake maumbile yapo, kwa maana hata yeye ana huruma ya mama kama viumbe vingine. Akili ipo, kwa maana aona ukweli wote wa jambo. Na juu ya yote mawili ipo hiari yake, isemayo: Nakubali. Hapo maumbile, akili na mapendo vimekuwa kamba moja ya nyuzi tatu.

Kwa hiyo mtu asemaye, Simpendi fulani, nifanyeje? aweza kujibiwa: Usingoje moyo. Anza na sahani, na jembe, na salamu. Mtendee kama umpendaye. Waliojaribu wajua kwamba mara nyingi moyo huja nyuma, kama mtoto afuataye mama yake njiani.

IV. MAMBO YA KUTENDA

Somo lisilotendwa ni kama asali iliyoachwa mtini. Basi wakatekumeni washike mambo haya.

Wanaorina asali porini wazime moto wao kabisa kabla ya kuondoka, wasikate mti mzima pale tundu lililopanuliwa latosha, wala wasimalize masega yote, ili nyuki wapate kujenga tena. Wamwachie ndege nta yake. Katika sehemu kadhaa za Afrika watu wameacha kazi hii, na ndege nao wameacha kuita, kwa kuwa hapana tena aitikiaye. Urafiki wa namna hii huchukua miaka mingi kujengwa, na kizazi kimoja chatosha kuuvunja.

Wazazi wawafundishe watoto majina ya miti, ya ndege na ya nyuki, kama walivyofundishwa wao. Mtoto anayejua kutazama pori atajifunza pia kutazama uso wa mwenziwe.

Na katika kila kijiji, mtu akifa, watu wasiulize kwanza nani atachukua shamba. Waulize kwanza nani atawalisha watoto. Atakayejibu ulizo hili la pili kwa mikono yake, huyo apewe neno katika lile la kwanza.

MAULIZO

1. Mlembe ni ndege wa namna gani?
Ni ndege mdogo alaye nta, naye huwaongoza watu mahali penye nyuki.

2. Kwa nini humhitaji mtu?
Kwa sababu ajua mahali pa nyuki, lakini hawezi kupanua tundu wala kuwapoza nyuki kwa moshi.

3. Kwa nini kinda lake halina dhambi liuapo wenziwe?
Kwa sababu hufuata maumbile yake tu. Halina akili ya kujua wala hiari ya kuchagua.

4. Akili yamwezesha mtu kufanya nini?
Kupima mambo, kuwarithisha wengine maneno na maarifa, kufikiri juu ya kesho, na kuchagua.

5. Je, akili peke yake yatosha?
Haitoshi. Yaweza kutumikia mema au mabaya.

6. Malipo ya haki na mapendo vyatofautianaje?
Alipaye kwa haki humpa mwenziwe kwa sababu alipata kitu kwake. Apendaye humpa hata asiyeweza kumrudishia kitu.

7. Nani katika kijiji chenu hawezi kumrudishia mtu kitu?
Ulizo hili halina jibu kitabuni. Kila mmoja alijibu nyumbani kwake, kisha aende kumtazama mtu huyo kabla ya Dominika.